Anko wa Kazini: AI Itatubeba au Itatutupa? Barua Zenu Nimezisoma

Safari hii barua karibia zote zinaongelea kitu kimoja, akili mnemba, AI, hizi programu zinazoandika, zinazochora, zinazoongea na kutunga kila ukiziambia. Wengine mmeandika kwa hasira, wengine kwa woga, wengine mnafurahi kabisa kwamba kazi imekuwa nyepesi. Nimechagua chache ambazo naona zinabeba na za wenzenu, na sitajibu zote kwa urefu sawa maana kuna zilizonikaa rohoni zaidi.

SWALI: Anko shikamoo. Mimi niko huduma kwa wateja, najibu meseji za wateja kwenye kompyuta siku nzima. Kampuni ilileta AI ambayo inanipendekezea cha kumjibu mteja, mimi narekebisha kidogo natuma. Mwanzoni nilifurahi sana maana nilikuwa nachoka. Sasa hivi wamepandisha idadi ya meseji tunazotakiwa kumaliza kwa siku, mshahara uko pale pale, na kuna tetesi tutapunguzwa. Huu mtambo umekuja kunisaidia au kuniondoa? (Dada wa meseji)

JIBU: Marahaba dada. Ngoja nikujibu kwa kirefu kwa sababu kazi yako imepimwa na wataalamu kuliko kazi nyingi, na kilichoonekana kwako ndo kinawahusu na wengine.

Mwaka 2023 Erik Brynjolfsson na wachumi wenzake wawili Marekani walitoa utafiti wa wafanyakazi zaidi ya 5,000 wa huduma kwa wateja waliopewa AI kama hiyo yako. Kwa wastani walitatua matatizo ya wateja asilimia 14 zaidi kwa kila saa, ila ukiingia ndani unakuta wageni kazini ndo waliopanda kwa asilimia 34 na wale wazoefu karibia hawakusogea. Sababu ni kwamba mtambo ulijifunza kwenye mazungumzo ya wafanyakazi wenyewe, ukaona wale hodari wanamjibuje mteja mwenye hasira, wanauliza nini kwanza, wanafungaje mazungumzo, halafu ukawa unamnong'oneza mgeni yale yale ya hodari. Hapo naomba tutulie kidogo. Ujuzi ambao mtu ameuhangaikia miaka umechotwa kwenye meseji zake mwenyewe, umegawiwa kwa ofisi nzima, kampuni inazalisha zaidi, na kwa mikataba ya kazi tuliyozoea huyo mwenye ujuzi hana pa kudai hata senti. Wewe dada inawezekana ni mmoja wao, maneno yako yamo humo ndani.

Kwa hiyo msaada upo, ni wa kweli na umepimwa. Kinachogombaniwa ni ule muda uliookolewa ni wa nani. Kama dakika kumi zilizopatikana zingerudi kwako, ukapumua, ukamhudumia vizuri mteja mwenye shida nzito, au ukalipwa zaidi, usingeniandikia hii barua. Bosi amezichukua zote akazigeuza kuwa meseji nyingine, na huo ni uamuzi wa mtu, AI haijapandisha lengo la siku la mtu yeyote. Mimi kila barua ya leo naisoma kwa jicho hilo na nitalirudia mpaka mnichoke.

Kuhusu tetesi za kupunguzwa, kuna mfano wa kwenda nao kwenye kikao. Klarna, kampuni ya Sweden ya malipo ya mtandaoni, Februari 2024 ilitangaza kwamba AI yake inafanya kazi ya watu 700 wa huduma kwa wateja na imebeba theluthi mbili ya mazungumzo yote. Mwaka uliofuata bosi wake huyo huyo akakubali kwamba waliangalia sana gharama na ubora ukashuka, wakaanza kutafuta tena watu wa kuongea na wateja. Mfano wa pili ni wa shirika la ndege la Air Canada. Chatiboti yao, yaani programu inayojibu meseji za wateja yenyewe, ilimwambia abiria aliyefiwa na bibi yake kwamba anaweza kuomba punguzo la nauli ya msiba akisharudi, kumbe utaratibu wao haukuwa hivyo, wakagoma kumrudishia, na kwenye shauri wakajitetea eti chatiboti inawajibika yenyewe kwa inachosema. Baraza lililosikiliza likakataa utetezi huo Februari 2024, kampuni ikalipa. Bosi yeyote anayetaka kuondoa watu wote akabakisha mtambo anatakiwa ajue hilo deni litamrudia yeye.

Nendeni mkiwa kundi, usiende peke yako dada yangu. Ulizeni kwa maandishi: lengo jipya la siku limepatikanaje, meseji zetu zinatumika kufundishia nini na kwa makubaliano gani, mtambo ukimdanganya mteja nani anakatwa, na kama kuna watu watapunguzwa ni kwa vigezo vipi na watafundishwa kazi gani nyingine kabla. Kama mna chama cha wafanyakazi kiamsheni, kama hamna basi huu ndo wakati wa kujiunga.

SWALI: Anko, nimemaliza chuo, nimesomea kuandika programu za kompyuta. Matangazo yote ya kazi wanataka mtu mwenye uzoefu miaka mitatu, mitano. Kazi za kuanzia hazionekani kabisa. Wenzangu wanasema ni AI imezimeza. Nilisoma kwa shida sana anko, nijipe moyo au nibadilishe fani? (Mhitimu)

JIBU: Mdogo wangu, hii ndo barua iliyoniuma kuliko zote, na sitakudanganya kwamba ni mawazo yako tu. Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Brynjolfsson tena na wenzake, walichambua malipo ya mishahara ya mamilioni ya wafanyakazi Marekani, wakakuta vijana wa miaka 22 hadi 25 kwenye kazi zinazoguswa sana na AI, hasa kuandika programu na huduma kwa wateja, ajira zao zimeshuka kwa asilimia 13 ukilinganisha na kazi zisizoguswa. Wakubwa zao kwenye kazi hizo hizo walibaki au wakaongezeka. Kuna wachumi wanabisha wanasema riba kubwa na kampuni kujaza watu kupita kiasi wakati wa korona navyo vimechangia, na mimi naona hoja yao ina uzito, ila ukiangalia ni nani hasa aliyeachwa nje ya mlango huwezi kuiweka AI pembeni.

Kijana akitoka chuo anakuja na ya vitabuni, na ya vitabuni ndo AI inayajua vizuri zaidi kwa sababu imelishwa vitabu na intaneti nzima. Mzoefu anayo yale ambayo hayajaandikwa popote, anajua mteja huyu akisema "haraka" anamaanisha nini, anajua mfumo ule wa zamani ukigusa hapa unaanguka kule. Basi kampuni inapiga hesabu, mzoefu mmoja na AI anamaliza kazi za vijana watatu, vijana wa nini? Kwa mwaka huu hesabu inakubali. Kwa miaka kumi ijayo haikubali, kwa sababu mzoefu hazaliwi, mzoefu ni yule kijana aliyepewa kazi ndogo ndogo akaharibu, akarekebishwa, akakaa. Hii ngazi inakatwa vidato vya chini na wale walioko juu ambao wao wenyewe walipandia hapo hapo, na mabosi mnaosoma ukurasa huu nawaambia bila kuzunguka, mnakula mbegu. Kampuni inayojua inakokwenda itenge nafasi za wanaoanza hata kama AI ingefanya kazi yao kwa bei rahisi, iziingize kwenye bajeti kama inavyoingiza matengenezo ya jengo.

Sasa wewe. Usibadilishe fani kwa sababu ya kelele. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hii ambaye mwaka 2024 alipata Nobel ya fizikia, alisema watu waache kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei kwa kuwa ndani ya miaka mitano hivi mashine itawashinda. Hao madaktari hadi leo wanatafutwa hospitalini. Kijana aliyeacha fani ile kwa sababu ya kauli ya mtu mkubwa kama yule aliumia bure. Unachoweza kufanya ni kujisogeza karibu na yale yasiyoandikwa, tafuta taasisi ndogo, kikundi, biashara yenye shida halisi, wafanyie kazi kuanzia kuwasikiliza mpaka mfumo utembee na uukarabati ukiharibika, hata kama malipo ni madogo, ila yawepo, usifanye bure kwa mtu mwenye uwezo wa kulipa. Na AI itumie, ila kila inachokuandikia hakikisha unaweza kukielezea mstari kwa mstari mbele ya mtu. Kwenye usaili hapo ndo wanapoangukia wengi.

SWALI: Mimi natumia AI kazini kimya kimya, bosi hajui. Natakiwa kumwambia? (Kimya)

JIBU: Mwambie, na kabla ya kumwambia angalia umeingiza nini humo. Kama umebandika majina ya wateja, mikataba au takwimu za ofisi kwenye akaunti yako binafsi, tayari umetoa siri za watu nje na siku likibumbuluka hakuna atakayekutetea. Halafu soma kila kitu kabla hujasaini. Mwaka 2023 mawakili wa New York walipeleka mahakamani hoja zenye kesi ambazo ChatGPT, ile AI ya kampuni ya OpenAI, ilizitunga tu, hazijawahi kuwepo duniani, jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Jambo lingine, usiamini sana hisia zako kwamba unaenda kasi. Kundi la watafiti wa AI linaloitwa METR mwaka 2025 liliwapima waandika programu wazoefu 16 kwenye kazi halisi, walipotumia AI walichelewa kwa asilimia 19 na wao wenyewe walikuwa wanaamini wamewahi kwa asilimia 20! Pima kwa saa ya ukutani.

SWALI: Anko mimi ni mchoraji na pia naandika hadithi. Kazi zangu ziko mtandaoni miaka. Sasa mtu anaandika sentensi moja anapata picha inayofanana na mtindo wangu. Si wizi huu? Nina haki gani? (Msanii)

JIBU: Ndugu yangu, kwa moyo wangu mimi kuchukua kazi za maisha ya mtu bila kumuuliza ukatengenezea mashine inayokwenda kushindana naye sokoni ni dhuluma. Sheria lakini haijafika hapo, inakwenda vipande vipande. Gazeti la New York Times liliwashtaki OpenAI na Microsoft Desemba 2023 kwa kufundishia AI habari zake bila ruhusa. Kesi ya waandishi wa vitabu dhidi ya Anthropic, kampuni nyingine ya AI, jaji mwezi Juni 2025 alisema kufundishia AI kwa vitabu vilivyonunuliwa kihalali inaruhusiwa na sheria ya Marekani, ila kupakua mamilioni ya vitabu kutoka tovuti za maharamia na kuviweka hairuhusiwi, na kampuni baadaye ikakubali kulipa dola bilioni 1.5, kama dola 3,000 kwa kitabu. Kwa hiyo mlango wa fidia upo ila umefunguka kwa sababu ya namna vilivyopatikana, swali lako lenyewe bado liko mezani.

Wanaonipa moyo ni waandishi wa filamu na vipindi vya televisheni Marekani. Waligoma Mei 2023, wakakaa nje siku 148. Mkataba waliotoka nao unasema AI haiwezi kuhesabiwa kuwa mwandishi, kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi aitumie, na ikimpa mwandishi maandishi yaliyotungwa na AI lazima imwambie. Mwandishi mwenyewe akitaka kuitumia kwa makubaliano anaruhusiwa. Ona walivyofanya, hawakupiga marufuku chombo, walishika nani anaamua kukitumia na jina na pesa vinabaki kwa nani, na walilipata hilo kwa sababu walikuwa wamoja. Wewe kama uko peke yako tafuta wenzako. Tunza tarehe na faili za awali za kila kazi, na mkataba wowote unaosaini uwe na mstari kwamba kazi hii haitumiki kufundishia AI bila makubaliano mapya na malipo.

SWALI: Anko shikamoo. Binti yangu wa sekondari anafanya homuweki zote na AI, maksi za homuweki zimepaa, mtihani wa darasani anafeli. Nimnyang'anye simu? (Mama wa binti)

JIBU: Marahaba mama. Ulichokiona nyumbani kimeonekana kwenye utafiti pia. Wanafunzi karibia elfu moja wa sekondari Uturuki walipewa AI kwenye mazoezi ya hesabu, walioachiwa ile ya kawaida walifanya mazoezi vizuri zaidi kwa asilimia 48, ilipoondolewa wakaingia mtihani walipata chini kwa asilimia 17 kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuishika kabisa. Kundi lililopewa AI iliyotengenezwa kutoa dokezo bila kutoa jibu halikuumia hivyo. Simu usimnyang'anye, atatafuta nyingine. Kaa naye, ajaribu mwenyewe kwanza kwenye karatasi, akikwama aiulize AI imuelekeze hatua moja tu, halafu akueleze wewe kwa mdomo alichofanya, hata kama wewe hesabu umezisahau. Asipoweza kukuelezea hajajua.

SWALI: Wewe anko unatisha watu. Kila mashine ikija watu wanalia, mashine za kufuma, trekta, kompyuta, na kazi mpya zinakuja, watu wanaishi vizuri kuliko babu zao. AI ni hivyo hivyo. Acheni woga. (Mpenda maendeleo)

JIBU: Kaka, umesema kweli nusu, na hiyo nusu naikubali kwa mikono miwili, mimi sitaki turudi kufuma kwa mkono. Nusu iliyobaki ndo nakuomba uitazame. Mafundi nguo wa Uingereza walioanza kuvunja mashine mwaka 1811 tunaambiwa walikuwa wajinga wanaoogopa maendeleo. Wengi walikuwa mafundi wenye ujuzi wao, na walichokuwa wanalalamikia ni mashine kutumika kushusha ujira na kutoa nguo mbovu. Jibu la bunge mwaka 1812 lilikuwa sheria ya kumnyonga anayevunja mashine. Mshairi Lord Byron alisimama bungeni kuwatetea, hakusikilizwa. Mwanahistoria wa uchumi Robert Allen amekadiria kwamba kati ya 1780 na 1840 uzalishaji wa kila mfanyakazi Uingereza ulipanda kwa asilimia 46, ujira halisi ukapanda kwa 12 tu. Miaka sitini kaka! Mtu anazaliwa, anafanya kazi, anazikwa, bado hajaiona hiyo neema. Na baadaye ujira ulipopanda, ndani yake kulikuwa na watu waliopigania vyama, saa za kazi na sheria za viwandani. Unaposema "kazi mpya zitakuja" mimi nakuuliza zitakuja lini, kwa nani, na huyu anayeachishwa mwezi huu atakula nini katikati.

Shirika la Fedha la Kimataifa Januari 2024 lilisema karibia asilimia 40 ya ajira duniani zitaguswa na AI, kwenye nchi tajiri 60. Kuguswa siyo kufutwa, nyingine zitaboreka kabisa. Shirika la Kazi Duniani nalo mwaka 2023 lilisema kazi nyingi zitabadilika kuliko kufutwa, ila za ukarani ndo ziko kwenye hatari, na huko wamejaa wanawake. Na Daron Acemoglu, aliyepata Nobel ya uchumi 2024 pamoja na wenzake wawili, anakadiria faida ya tija Marekani kwa miaka kumi yote kwa jumla haizidi asilimia 1. Yaani tunaweza kujikuta watu wametolewa kazini kwa ajili ya kitu ambacho hata utajiri mkubwa hakijaleta, kimemsogezea tu mwenye kampuni kile kilichokuwa cha mfanyakazi. Hilo ndo linaninyima usingizi kuliko roboti za kwenye filamu.

Kazi mpya zimeshaanza kuja kweli, ngoja nikuonyeshe mojawapo. Januari 2023 jarida la Time liliandika kwamba ili ChatGPT isitoe matusi na ukatili, wafanyakazi nchini Kenya walisoma na kuweka alama maandishi ya kutisha, ya ubakaji wa watoto, mauaji, mateso, wakibaki na chini ya dola 2 kwa saa, na baadhi wakasema akili zao ziliumia. Hao ni wafanyakazi wa AI. Hawapo kwenye picha za uzinduzi. Mimi siwezi kukaa nikaita kitu maendeleo bila kuuliza na wao wamepata nini.

Naipenda hii teknolojia kaka. Kipofu anasomewa picha, mtu asiyejua lugha ya ofisi anaandika barua ya kudai haki yake ikaeleweka, nesi anapunguziwa kujaza makaratasi. Nataka hayo yafike kwa watu, na uzoefu wa zamani unasema hayafiki yenyewe.

SWALI: Nimepigiwa simu na sauti ya mwanangu kabisa analia anataka pesa haraka, nikatuma. Haikuwa yeye. Nifanyeje isitokee tena? (Mzazi)

JIBU: Pole sana mzazi mwenzangu, na usijilaumu, sekunde chache tu za sauti ya mtu kwenye video zinatosha kuiga sauti yake siku hizi. Mwaka 2024 huko Hong Kong mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup aliingia kwenye kikao cha video akaona mabosi na wenzake anaowafahamu, wote walikuwa wa kutengenezwa, akahamisha kama dola milioni 25. Ripoti benki au kampuni ya simu uliyotumia na polisi leo hii hata kama unaona haitasaidia, wakati mwingine pesa inazuiwa njiani. Kuanzia sasa, simu yoyote ya kuomba pesa kwa haraka kata, halafu piga wewe mwenyewe namba unayoijua. Kubalianeni nyumbani neno moja la siri ambalo hamliandiki popote kwenye simu, anayeomba msaada alitaje. Na wafundishe wazee wenu wiki hii hii, hao nao wanapigiwa sana.